Kuelekeza sauti kati ya miksa ya Behringer X32 na programu ya kurekodi ya REAPER

Miksa ya kidijitali ya Behringer X32, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ina milango 32 ya maiki, na kadi ya USB iliyopachikwa nyuma yake inaweza kupeleka mikondo 32 ya sauti kwenye kompyuta na wakati huohuo kupokea mikondo mingine 32 kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo, yote kwa kebo moja. Hata hivyo, si ajabu kuikuta studioni au kanisani ikirekodi mikondo miwili tu, kushoto na kulia, kwa sababu kurasa zake za kuelekeza sauti humtisha anayezifungua kwa mara ya kwanza. Ugumu wenyewe unatokana na jambo moja: sauti hupita njia mbili, ipo inayotoka kwenye miksa kwenda kwenye programu na ipo inayotoka kwenye programu kurudi kwenye miksa, na njia zote mbili hutumia namba zilezile, 1 hadi 32. Anayezitenganisha njia hizo tangu mwanzo hubakiwa na kazi ya kuchagua kwenye orodha tu.

Maelezo haya yanafuata X32 yenye kadi ya USB na programu ya REAPER. Mwenye Midas M32 atayatumia karibu yote bila kubadilisha kitu, kwa kuwa mitambo hiyo miwili ni ndugu na kurasa zake zinafanana sana.

Anza na karatasi

Chukua mfano wa studio inayorekodi kikundi cha taarabu chenye udi, ganuni, fidla mbili, akodiani, nai, chelo, besi, dumbaki, rika, mwimbaji mmoja na waitikiaji watatu. Ukiipa ganuni maiki mbili, na akodiani mbili, moja kila upande, unapata maiki 16. Kabla ya kugusa miksa, chora jedwali lenye safu nne: jina la chombo, mlango wa maiki nyuma ya miksa, namba ya mkondo wa kadi, na namba ya traki (njia inayorekodi sauti moja) ndani ya REAPER. Udi ukiingia mlango wa 1, basi uwe mkondo wa 1 na traki ya 1. Hakuna sheria inayokulazimisha kulinganisha namba hizo, lakini kila unapozipishanisha unajiongezea kitu cha kukumbuka usiku wa manane, wakati mwimbaji anasubiri na wewe unatafuta kwa nini rika inasikika kwenye traki ya nai.

Uamuzi wa pili wa kuandika kwenye karatasi hiyo ni chaneli zipi za miksa zitapokea sauti kutoka kwenye kompyuta. Ushauri wangu ni kuzitenga chaneli 25 hadi 32 kwa ajili ya kompyuta peke yake, siku zote, hata usipozihitaji zote nane. Utapoteza milango minane ya maiki, lakini studio ndogo ni nadra kuhitaji maiki zaidi ya 24 kwa pamoja, na faida ni kwamba sauti inayorudi haitakaa kamwe kwenye chaneli ya maiki inayorekodiwa. Ipo njia nyingine, ya kuipokea kompyuta kwenye milango ya Aux 1 na 2, ambayo inakuachia chaneli zote 32. Njia hiyo hutumia mikondo 1 na 2 ya kurudi, na utaona baadaye kwamba mikondo hiyo hugongana na kazi nyingine.

Kebo, saa na draiva

Nyuma ya X32 kubwa kuna milango miwili ya USB yenye umbo moja. Mmoja uko kwenye sehemu ya kuongozea miksa kwa mbali, nao haupitishi sauti; mwingine uko kwenye kadi yenyewe, na huo ndio wa kuunganisha na kompyuta. Mlango wa juu, ule wa kuchomeka flashi, ni wa kurekodi na kucheza sauti ya stereo tu. Peleka kebo moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kigawanyaji cha USB, na isiwe ndefu kupita haja.

Fungua ukurasa wa Setup kwenye miksa. Hapo chagua kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, ama kilohezi 44.1 au 48, na uhakikishe kwamba saa ya mfumo inatoka ndani ya miksa yenyewe. Hili la saa ni la lazima: kila kifaa cha kidijitali huhesabu sampuli kwa mdundo wa saa yake, na vifaa viwili vikihesabu kila kimoja kwa saa yake, baada ya muda hutofautiana na sauti huanza kutoa vidoa na mikwaruzo midogo. Miksa ikiwa ndiyo mwenye saa, kompyuta huifuata kupitia USB. Ukiwa na boksi la jukwaani lililounganishwa kwa AES50 (njia ya kidijitali ya kuunganisha miksa na boksi kama hilo), basi boksi hilo nalo liifuate miksa. Ndani ya ukurasa huohuo, kwenye sehemu ya Card, chagua hali ya 32 kuingia na 32 kutoka. Ukikuta imewekwa 16 kwa 16 au 2 kwa 2, kompyuta haitaiona mikondo mingine hata ufanye nini kwenye programu.

Kwenye Windows unahitaji draiva ya ASIO, yaani programu ndogo inayowezesha programu za sauti kuitumia kadi, inayotolewa kwa ajili ya kadi hiyo. Kwenye kompyuta ya Mac hakuna draiva ya kusakinisha, kwani mfumo wake wa sauti huitambua kadi mara tu inapochomekwa. Baada ya hapo fungua REAPER, nenda Options, Preferences, Audio, kisha Device, uchague ASIO na kadi ya X32, uruhusu mikondo ya kuingia kuanzia wa 1 hadi wa 32, na ufanye vivyo hivyo kwa ya kutoka. Weka kasi ya sampuli ileile uliyoiweka kwenye miksa. Bafa, yaani akiba ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia, ikiwa ya sampuli 256 inatosha kwa kurekodi. Kwa kilohezi 48 ni sawa na milisekunde 5.3 hivi kwa kila upande, na kama utakavyoona, wanamuziki hawatausikia ucheleweshaji huo kabisa ukipanga hedfoni zao inavyostahili.

Njia ya kwenda

Bonyeza kitufe cha Routing kwenye miksa. Kichupo cha kwanza kinaamua chaneli za miksa zinapokea sauti kutoka wapi, na X32 hufanya uchaguzi huo kwa mafungu ya nane nane. Weka fungu la 1–8, la 9–16 na la 17–24 vipokee kutoka Local, yaani milango ya maiki ya miksa yenyewe, na fungu la 25–32 lipokee kutoka Card 25–32. Kuanzia toleo la 4.0 la programu endeshi ya miksa unaweza pia kuchagua chaneli moja moja badala ya mafungu, lakini kwa studio yenye mpango ulionyooka mafungu yanatosha, tena yanasomeka haraka zaidi.

Sasa nenda kichupo cha Card Out. Hiki ndicho kinachoamua nini kinakwenda kwenye kompyuta, na hakina uhusiano wowote na kile cha kwanza. Watu wengi hubadilisha kile cha kwanza na kushangaa kwamba kompyuta haikupata kitu. Weka Card 1–8 ipokee Local 1–8, Card 9–16 ipokee Local 9–16, na Card 17–24 ipokee Local 17–24.

Ukichagua Local, unapeleka sauti jinsi inavyotoka kwenye kikuza sauti cha maiki, ikiwa imeshabadilishwa kuwa ya kidijitali lakini kabla haijapita kwenye kichujio cha sauti nzito, geti (hunyamazisha sauti hafifu), kompresa (hubana sauti kali), ikwalaiza (hurekebisha uzito na wembamba wa sauti) wala feda (kitelezi cha kiwango cha sauti). Maana yake ni kwamba unaweza kuchezea ikwalaiza ya udi kwenye miksa upendavyo bila kurekodi kosa lolote, na hata ukiizima chaneli ya udi, traki yake itaendelea kurekodi. Kitu kimoja tu cha miksa kinachoingia kwenye rekodi ni geini, yaani kiasi ambacho maiki inakuzwa. Kwa hiyo geini ikishapangwa haiguswi tena wimbo ukiendelea; anayetaka fidla ipande kwenye hedfoni apandishe feda ya mchanganyiko wa hedfoni.

Wapo wanaopenda kurekodi sauti ikiwa tayari imepita kwenye kompresa na ikwalaiza ya miksa. Hilo linawezekana kwa kupitia kichupo cha Out 1–16: unaichagua chaneli iwe chanzo cha mlango fulani wa kutokea, unachagua ichukuliwe baada ya ikwalaiza na kabla ya feda, kisha kwenye Card Out unachagua fungu la Out 1–8 badala ya Local. Mimi naliona jambo hilo lina maana kwa mkondo mmoja tu, nao ni mchanganyiko mkuu wa stereo. Kompresa iliyobana sauti ya mwimbaji kupita kiasi haiwezi kuondolewa baadaye, ilhali kuiongeza ndani ya REAPER ni kazi ya dakika moja.

Basi fungu lililobaki, Card 25–32, lipe Out 9–16, na kwenye kichupo cha Out 1–16 hakikisha mlango wa 15 unapokea upande wa kushoto wa mchanganyiko mkuu na wa 16 upande wa kulia, vyote baada ya feda. Mchanganyiko mkuu utafika kwenye kompyuta kama mikondo 31 na 32.

Ndani ya REAPER, tengeneza traki 16 na uzipe majina ya vyombo kabla ya kurekodi chochote, kwa sababu programu hulitumia jina la traki kuliita faili. Katika kila traki chagua mkondo mmoja wa kuingia kwa namba yake, kisha uiweke traki tayari kwa kurekodi. Ongeza traki ya 17 ya stereo inayopokea 31/32 kwa ajili ya mchanganyiko mkuu. Kwenye Project Settings, sehemu ya Media, chagua faili za WAV za biti 24.

Kagua kabla ya kuamini. Mtu mmoja azunguke chumbani akikuna kichwa cha kila maiki taratibu kwa kidole na kutaja jina la chombo, na mwingine aangalie ni kipimo gani kinachocheza kwenye skrini. Kwa ganuni fanya hivyo kwa maiki zote mbili, maana maiki mbili zilizo karibu hivyo hupishanishwa kirahisi na ukipiga tu nyuzi zitacheza zote pamoja, usijue ipi ni ipi.

Kuhusu kiwango, pandisha geini mpaka sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli -18 kwenye kipimo cha kidijitali na vilele vifike -12 au zaidi kidogo. Dumbaki likipigwa kwa nguvu huruka juu ghafla, kwa hiyo mwombe mpigaji apige sehemu kali kuliko zote za wimbo wakati wa kupanga. Kurekodi chini kidogo kwa biti 24 hakuna hasara. Kugonga dari ya desibeli 0 hakuna dawa.

Njia ya kurudi na hedfoni

REAPER ikianza hupeleka mchanganyiko wake mkuu kwenye mikondo 1 na 2 ya kutoka. Bonyeza kitufe cha Route kwenye traki ya Master, ondoa mikondo hiyo, na uongeze 31/32. Kwa kuwa umeshaliweka fungu la 25–32 la miksa lipokee kutoka kwenye kadi, sauti ya kompyuta itatokea kwenye chaneli 31 na 32 za miksa. Ziunganishe ziwe stereo, uzipe rangi moja, na uandike jina lake.

Sasa wanamuziki wanaweza kusikilizana. Kila mwenye hedfoni apewe mchanganyiko wake kutoka kwenye njia 16 za mchanganyiko zilizomo ndani ya X32, ambamo maiki huingia moja kwa moja kutoka kwenye chaneli zake na kompyuta huingia kupitia 31/32. Maiki ikipita ndani ya miksa tu, ucheleweshaji wake ni chini ya milisekunde 1, na hakuna mwimbaji atakayelalamika. Ndiyo sababu ndani ya REAPER unapaswa kuzima usikilizaji wa sauti inayoingia kwenye kila traki, ile alama ya spika iliyo karibu na kitufe cha kurekodi. Ukiiacha imewashwa, mwimbaji atajisikia mara mbili: mara ya kwanza kutoka kwenye miksa na mara ya pili, milisekunde kadhaa baadaye, kutoka kwenye kompyuta. Nakala hizo mbili zikichanganyika sauti huwa na uwazi kama inatoka kwenye bomba, na wengi hukimbilia kubadilisha maiki wakati kosa liko kwenye kitufe kimoja.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye traki ya 17. Mchanganyiko mkuu wa miksa una chaneli 31 na 32 ndani yake, na chaneli hizo zimebeba sauti ya REAPER. Ukiwasha usikilizaji kwenye traki ya 17, sauti itatoka kwenye miksa, itaingia REAPER, itarudi kwenye miksa, itaingia tena kwenye mchanganyiko mkuu, na itazunguka hivyo hadi ipige ukelele unaoweza kuumiza masikio ya aliyevaa hedfoni na kuunguza spika. Zima usikilizaji wa traki hiyo, na zaidi ya hapo ondoa alama ya Master send (inayoipeleka traki kwenye mchanganyiko mkuu wa REAPER) kwenye dirisha lake la Route, ili hata mtu akiubonyeza ule usikilizaji kwa bahati mbaya sauti isipate pa kwenda. Mlio wa kuhesabia mapigo nao upelekwe kwenye hedfoni pekee: shusha feda ya 31/32 kwenye mchanganyiko mkuu na uiache iende kwenye michanganyiko ya hedfoni kabla ya feda, la sivyo utausikia mlio huo ndani ya rekodi ya stereo.

Kuzirudisha traki kwenye chaneli zake

Kwa kuwa ulirekodi sauti kabla ya ikwalaiza, unaweza kuzirudisha traki 16 kwenye chaneli zilezile zilikotoka na kuzisikiliza kana kwamba kikundi bado kiko chumbani. Wanaofanya kazi za jukwaani hutumia njia hii kupanga sauti wanamuziki wakiwa hawapo. Kichupo cha kwanza cha Routing kina mipangilio miwili, mmoja wa Record na mwingine wa Play. Kwenye ule wa Play weka mafungu ya 1–8, 9–16 na 17–24 yapokee kutoka kwenye Card kwa namba zilezile. Ndani ya REAPER ongeza kwa kila traki mlango wa kutoka wa mono wenye namba yake, uchukue upande wa kwanza tu wa traki, na uuweke uchukuliwe kabla ya plagini, ili feda za REAPER na athari zake zisiguse sauti inayokwenda kwenye miksa. Baada ya hapo kubadili kutoka kurekodi kwenda kusikiliza ni mguso mmoja wa Record au Play kwenye miksa.

Hapa ndipo mikondo 1 na 2 ingegongana. Kama Master ya REAPER ingekuwa bado inakwenda 1/2, mchanganyiko mzima ungemwagika juu ya udi na ganuni. Ikiwa 31/32, unachohitaji ni kuzizima chaneli hizo mbili kwenye miksa wakati wa Play, vinginevyo kila chombo utakisikia kwenye chaneli yake na tena ndani ya mchanganyiko wa kompyuta. Kumbuka pia kwamba geini ya maiki haina kazi katika hali hii. Ukihitaji kupandisha traki iliyorekodiwa chini, tumia kirekebishi cha kidijitali cha chaneli, ambacho hupandisha au kushusha hadi desibeli 18.

Chaneli 25 hadi 30 zilizokaa bure zinafaa kwa wanaopenda kuchanganya kwa feda za mkononi. Peleka nyuzi zote kwenye 25/26, midundo kwenye 27/28 na waimbaji kwenye 29/30, ondoa Master send kwenye traki hizo, na urekodi mchanganyiko mkuu wa miksa kwenye traki ya 17.

Mambo yakikwama

Kipimo cha REAPER kisipocheza, fuata njia kutoka mwanzo wake: je, chaneli ya miksa inaonyesha sauti? Je, fungu la Card Out limechagua Local sahihi? Je, REAPER imeruhusiwa mikondo yote 32? Je, traki imechagua namba inayotakiwa? Maswali hayo manne kwa mpangilio huo hulipata tatizo karibu kila mara. Mikwaruzo ya hapa na pale huashiria saa au bafa ndogo mno. Iongeze hadi 512 na uzime mpangilio wa Windows unaoikatia milango ya USB umeme ili kuokoa betri. Rekodi ya kilohezi 48 ikichezwa kana kwamba ni ya 44.1 hupungua mwendo na kushuka karibu nusutoni moja na nusu, jambo ambalo mpiga fidla ataligundua kabla yako.

Kwa diski, traki 16 za biti 24 kwa kilohezi 48 huchukua takriban gigabaiti 8.3 kwa saa, na ukiongeza ile ya stereo zinakaribia 9.3. Tumia diski ya ndani ya SSD au ya nje iliyo kwenye mlango wa USB tofauti na ule wa kadi. Miksa iwe kwenye UPS (kifaa cha akiba ya umeme) hata kama kompyuta ina betri yake: umeme ukikatika kwa sekunde moja tu, miksa huanza kuwaka upya, kadi hupotea machoni pa REAPER, na kurekodi husimama katikati ya ubeti. Mpangilio wote ukishakamilika, uhifadhi kwenye maktaba ya Routing ya miksa na nakala yake kwenye flashi, kisha hifadhi mradi mtupu wa REAPER wenye traki zote 17 kama kiolezo.